MILINGOTI ISIKARIBIE KISIMA CHETU

Ndugu wanaushirika,

Kuna maneno yanapita kilabuni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Eti ule mteremko ulio juu ya kisima umekaa bure, tupande milingoti, baada ya miaka michache tuuze nguzo Mwanza mjini, ushirika upate fedha. Na anayepinga anaitwa adui wa miti. Mimi napinga, na miti naipenda.

Wenye hoja hii wana neno moja tu: "Miti huleta maji." Mti upi? Tuwaulize waliopima. Kule Afrika Kusini, mahali paitwapo Mokobulaan, watafiti walipanda mikaratusi, ndiyo hiyo hiyo milingoti, mwaka 1969 kwenye bonde lenye kijito, wakawa wanapima maji. Mwaka wa tisa kijito kikakauka kabisa! Miti ilipofika miaka 16 wakaikata yote. Mnadhani maji yalirudi kesho yake? Ilichukua miaka mitano mingine. Kwa hiyo msituambie "tukiona kisima kinapungua tutakata". Siku hiyo fedha ya nguzo itakuwa imeshaliwa, na akina mama wako njiani na ndoo.

Watasema hiyo ni Afrika Kusini. Haya, twende Mbeya. Mtaalamu Charles Pereira na wenzake wa utafiti wa kilimo na misitu wa Afrika Mashariki, waliokuwa Muguga, Kenya, walianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kulinganisha mabonde mawili, moja la msitu na jingine la mashamba. Bonde la mashamba ndilo lililotoa maji mengi zaidi. Mti unakunywa, ndugu zangu, kama ng'ombe anavyokunywa, na wenye mizizi mirefu unakunywa hata kiangazi.

Sasa asiruke mtu kusema basi tufyeke kila kitu! Udongo wa kule Mbeya ni wa majivu ya volkano, unanyonya mvua kama sifongo. Wetu ni luseni juu na mbuga nyeusi chini. Ukiachwa uchi, mvua inaupiga unafunga kama sakafu. Watafiti hao hao walipima na Atumatak, Karamoja, Uganda, malisho yaliyoliwa na mifugo mpaka ardhi ikabaki tupu. Mvua ilikuwa inakimbia juu juu badala ya kuzama. Huo ndio mteremko wetu wa leo, nendeni mkautazame.

Na mvua yenyewe imebadilika. Dunia ikipata joto hewa hubeba maji mengi zaidi, mvua inashuka kwa kishindo, halafu jua. Ziwa lilishuka sana 2006, Mei 2020 likapanda kupita alama ya 1964. Kuna aliyeniambia ziwa limejaa, hofu ya nini? Ziwa linapata maji yake mengi kwa mvua inayolinyeshea lenyewe. Halipandi mlima kuja kutujazia kisima.

Dawa tunayo, tena ni ya wazee wetu: ngitili. Unafunga malisho wakati wa mvua, nyasi na vichaka vinainuka, kiangazi unafungulia ng'ombe kwa utaratibu. Shinyanga walikuwa wamefyeka misitu kwa ajili ya mbung'o na pamba mpaka wakataabika. Serikali ilipoanzisha HASHI mwaka 1986, ngitili ndizo zilizoirudisha nchi ile, zikapita hekta 300,000, na 2002 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Wataalamu wakaja kujifunza kwa Wasukuma! Sisi tunataka kujifunza kwa mlingoti.

Napendekeza mteremko ule ufungwe uwe ngitili ya ushirika, migunga na mikwaju iliyobaki isiguswe, sungusungu walinde. Mwenye hamu ya nguzo apande shambani kwake, mbali na maji.

Mkutano ni Jumamosi saa nne, ghalani. Wanaotaka milingoti waje na jibu: mwaka wa tisa tutachota wapi?

Katibu wa Chama, Kijiji