Redio za Ariwara: nguvu inayorudi haijapotea

Hapa Ariwara, katika eneo la Aru, mafundi wa redio hawaelewani kwa jina. Mita ya mtambo wa FM inaonyesha FWD na REF. Aliyesomea Bunia anasema pwisansi direkte na pwisansi refleshi. Aliyejifunzia kazi Arua, ng'ambo ya mpaka, anasema kwa Kiingereza. Na wengine wanaiita ile ya pili “nguvu iliyopotea”. Jina hilo la mwisho ndilo ninalolipinga.

Kitu kikipotea, mtu anaongeza kingine. Ndiyo sababu fundi, akiona nguvu “inapotea”, anapandisha wati. Kumbe haikupotea. Nguvu inatoka mtamboni, inapita katika kebo kwenda antena. Ikikuta antena isiyolingana na kebo, au mahali pa kuunga pameingia maji ya mvua, sehemu yake inageuka na kurudi mtamboni. Huko inaweza kuunguza transista, na transista za namna hiyo mimi sijaziona hata katika soko letu hili linalosifiwa kwa kuwa na kila kitu.

Tuseme basi “nguvu inayoenda” na “nguvu inayorudi”. Zikienda wati 100 zikarudi 4, hiyo inavumilika. Zikirudi 25, antena inabaki na 75 tu, na anayesikia neno “inarudi” atauliza: inarudi wapi? Atazima mtambo, akague kebo. Mitambo mingine hujipunguza yenyewe. Isiyo na kinga hiyo ndiyo inayokufa.

Kweli, jina peke yake halitoshi. Kebo ndefu iliyochakaa inakula nguvu wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, hata mita ya chini ionyeshe kidogo wakati antena juu imeharibika. Fundi apime karibu na antena pia.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya mafundi, msikilizaji hayamhusu. Mwaka 2019, Ebola ilipofika Ariwara, mtu wa kijiji cha mbali angepata wapi maelezo kama redio imenyamaza?

Wakurugenzi wa redio wabandike karatasi kando ya mita, yenye maneno hayo mawili, kwa Kiswahili, Kilingala na Kilugbara, na daftari la kuandika namba zote mbili kila asubuhi.