Antena za wapima ardhi zipewe kazi ya mvua

Mpima ardhi anayetumia setilaiti kuweka mpaka wa kiwanja huuona mvuke wa maji angani kama kero. Ishara ya setilaiti ya GPS, inayotoka kilomita 20,200 juu, hupunguza mwendo ikiingia kwenye hewa. Hata setilaiti ikiwa utosini kabisa, kipokezi kilichoko pwani hudanganyika kwamba iko mbali zaidi kwa mita 2 na ushei. Sehemu kubwa ya kuchelewa huko inatokana na hewa kavu, nayo hukokotoleka ukijua mgandamizo wa hewa pale antena ilipo. Kinachobaki ni mvuke. Mpima hukiondoa kwenye hesabu yake na kukitupa, ilhali mtabiri wa mvua anakihitaji.

Hesabu yenyewe imejulikana tangu Michael Bevis na wenzake walipoichapisha mwaka 1992. Mvuke ukiichelewesha ishara kwa kiasi cha sentimita 30, ujue juu ya antena kuna maji ambayo yangeshuka yote yangefikia kimo cha karibu milimita 46. Kosa la kipimo ni milimita 1 au 2. Japani ilitandaza vituo takriban 1,300 ili kufuatilia ardhi inavyosogea, na tangu 2009 idara yake ya hali ya hewa inavitumia vituo hivyohivyo kutabiri mvua.

Sisi wa Afrika Mashariki tunategemea puto linalobeba kifaa cha kupima hewa. Utaratibu wa dunia ni kulirusha kwa vipimo vya saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa zetu, na hata mara hizo mbili ni gharama: gesi inaisha, na kifaa kilichofungwa chini ya puto kwa kawaida hakirudi. Wingu la masika halingoji zamu. Linaweza kujikusanya saa kumi na kuzamisha mtaa kabla ya saa mbili usiku, na puto linalofuata halijarushwa. Antena hupima mchana na usiku, na jua likiwaka au mvua ikinyesha haijali.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Malindi, Nairobi, Mbarara na Kigali vimo vituo vya mtandao wa kimataifa ambavyo data zake ziko wazi kwa yeyote. Wapima ardhi wa serikali nao wana vipokezi vyao vya kudumu.

Tusidanganyane, lakini. Antena inajua jumla ya mvuke, haijui umekaa kimo gani, na mvuke mwingi si lazima uwe mvua. Mombasa hufukuta siku nzima bila tone. Pia bila baromita nzuri kando yake kipimo kinaharibika: kosa la hektopaskali 1 tu hula theluthi ya milimita ya maji. Huwezi kuazima namba ya uwanja wa ndege ulioko bondeni ukaipachika kwenye kituo cha mlimani bila kuisahihisha.

Hayo ni ya mafundi, na mafundi wanayaweza. Kikwazo tunachokihofia sisi ni cha maofisini. Japani, taasisi ya upimaji na idara ya hali ya hewa ziko chini ya wizara moja. Tanzania, upimaji uko Ardhi na hali ya hewa iko Uchukuzi. Kenya, Ardhi na Mazingira. Anayemiliki antena hapati lawama mafuriko yakitokea, na anayelaumiwa hana antena.

Tunataka mambo mawili. Kila kituo cha kudumu cha upimaji kifungiwe baromita, na data zake ziwe zimefika kwa watabiri ndani ya saa moja, bila ankara kati ya wizara na wizara. Makubaliano hayo yasainiwe kabla masika hayajaanza mwezi Machi.