Mtoto Asomapo kwa Sauti



Jamaa zetu wengi wamehamia Nairobi, na wajukuu wa Mombasa na Lamu leo wanalelewa Eastleigh, Buruburu na Majengo ya Pumwani, mtaa ambao Waswahili wameukaa tangu miaka ya 1920. Uani watoto hawa huzungumza Sheng, darasani husomeshwa kwa Kiingereza, jioni huketi madrasa. Wakishika kitabu cha Kiswahili, "thamani" huwa "samani" na "ghani" huwa "gani". Wapo wanaoilaumu Sheng. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto huyo huyo, akiwa mbele ya ustadhi, huitamka thaa kwa ncha ya ulimi kati ya meno, na ghaini humtoka kooni bila taabu. Makharija anayo tayari, ila hajaambiwa kwamba "th", "dh" na "gh" za kitabuni ni sauti zile zile. Mwandikieni herufi ya Kiarabu kando ya hizo, naye ataoanisha mwenyewe.

Kosa zito zaidi ni kubahatisha. Mtoto huliona neno nusu, akalimalizia kwa dhana. Katika lugha yetu hilo ni hatari, maana kitenzi hubeba sentensi nzima tumboni mwake: "wapangaji hawakulipa" ikisomwa "wapangaji wakalipa", hadithi imepinduka. Hapo msimpe neno upesi, wala msimkatize kwa kila silabi. Mwacheni afike kwenye nukta, kisha mmuulize: je, walilipa au hawakulipa? Mara nyingi hurudi mwenyewe. Asiporudi, ligaweni neno, ha-wa-ku-li-pa, aziguse silabi kwa kidole moja moja, kisha aisome upya sentensi yote, si neno lile pekee. Ukurasa mmoja baada ya Maghribi watosha, hata katika nyumba ya chumba kimoja ambamo televisheni ya jirani yasikika ukutani.

Na ndugu zake wasimcheke. Mtoto aliyechekwa huanza kusoma kwa kunong'ona, na anong'onaye hasahihishiki. Katika hadithi iliyopokewa na Bi Aisha (r.a.), asomaye Qur'ani kwa kutatizika ana ujira mara mbili, basi kwa kitabu cha shule tumkemee kwa lipi?

Mama ambaye hakusoma shule naye asijitoe. Aketi karibu, asikilize, na pale kisa kisipomwelea, amwambie mwanawe arudie.