Bonde lisilo na magofu

"Kilombero palikuwa pori tupu." Utaambiwa hivyo na abiria wa treni ya TAZARA anayechungulia dirishani, na hata na msomi anayetafuta ardhi ya mradi. Ushahidi wao ni mmoja: hakuna magofu. Kilwa wana misikiti ya mawe; Waskithia wa kale waliacha vilima vya makaburi katika nyika za Ukraine, vinaonekana toka mbali. Hapa bondeni, Ifakara, kuna mpunga, matete na vichuguu.

Wanasahau maji. Masika mto Kilombero hufurika, na tambarare iliyo chini ya Udzungwa ikawa kama ziwa. Nani ajenge kwa mawe mahali ambapo mwakani huenda pakawa mkondo? Mkulima hujenga dungu: nguzo za miti, sakafu iliyoinuliwa juu ya maji, ngazi, paa la nyasi. Familia huhamia huko msimu wa kilimo, mchana ikiamia ndege, usiku ikisikilizia nguruwe na viboko. Anayeliita dungu umaskini hajalala shambani maji yakipanda. Mpunga ukishavunwa, wenyewe hurudi kijijini, dungu likaoza. Lidumu la nini?

Kumbukumbu za bonde zimekaa kwingine. Ukikuta miembe katikati ya pori, usidhani imejiotea. Hapo ni mahame. Katika miaka ya 1940 serikali ya Mwingereza iliwakusanya watu wa Ulanga, wilaya iliyokuwa na bonde hili, katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, na vijiji walivyoviacha vikamezwa na msitu. Kwa hiyo sehemu ya pori tunaloonyeshwa kama la tangu na tangu ni la juzi tu, na lilifanywa kwa amri. Nakubali, mwembe hauwezi kusimulia ya miaka elfu. Wenyewe ni mgeni hapa.

Makaburi je? Tuta la udongo hushuka mvua chache tu, nyasi zikalifunika. Lakini Mpogoro, mwenyeji wa huku, anajua babu yake amelala wapi, na siku ya tambiko huenda pale pale na unga na pombe, bila kuuliza njia.

Mpimaji akija Septemba ataona nguzo nne na nyasi zilizooza, ataandika kuwa eneo halina watu. Angekuja Machi kwa mtumbwi, angepigiwa kelele toka juu ya dungu asipite juu ya mpunga wa watu.