Jina la Gladys

Mtoto wa kike akizaliwa siku hizi katika nyumba ya vijana waliosoma, swali la jina lake huweza kuzua maneno mengi kuliko yale yaliyozushwa na mahari siku za arusi. Jina la ukoo halina taabu, maana desturi imekwisha kulipanga zamani. Taabu iko katika jina la ubatizo, na hasa pale ambapo nyanya anayestahili kurithiwa anaitwa Gladys. "Hilo ni jina la kizee," husema mama wa mtoto, "ni jina la mweka hazina wa chama cha akina mama kanisani." Baba wa mtoto hunyamaza, kwa kuwa anayesemwa ni mama yake mzazi. Na mavyaa mwenyewe yumo jikoni akikoroga uji wa mzazi, tena masikio yake ni mazima.

Yafaa kwanza jina lenyewe lijulikane lilikotoka, maana wengi hulidhani kuwa la Biblia, na katika Biblia halimo. Ni jina la watu wa Wales, nao huliandika Gwladys au Gwladus. Lilichukuliwa na mtakatifu mmoja wa kale wa nchi hiyo, mama yake Mtakatifu Cadog. Kwa karne nyingi halikutoka sana nje ya milima ya kwao. Mwishoni mwa karne ya 19 Waingereza walilipenda ghafula, na baada yao Waamerika, hata katika miaka kumi ya kwanza ya karne ya 20 likawa miongoni mwa majina ishirini yaliyopewa wasichana wengi zaidi huko Marekani. Mama yake Elvis Presley, mwimbaji mashuhuri, aliyezaliwa mwaka 1912, aliitwa Gladys. Lakini kama lilivyopanda ndivyo lilivyoshuka, na mwisho wa karne hiyo lilikuwa karibu kutoweka kabisa katika vyeti vya watoto wachanga wa nchi hizo.

Huku Kenya lilikuja pamoja na misheni. Wamisionari walikuwa wamefika Rabai tangu mwaka 1846, lakini bara ilikuwa baadaye sana: Waskoti walikaa Thogoto mwaka 1898, Wafrendi wakaanza Kaimosi mwaka 1902, na C.M.S. wakajenga Maseno mwaka 1906. Katika vituo hivyo mtu hakubatizwa kwa kuomba tu. Alikaa darasani muda mrefu, akajifunza kusoma, akaulizwa maswali, na akifaulu ndipo alipopewa jina jipya. Wakikuyu waliwaita watu hao athomi, yaani wasomaji, na jina la ubatizo lilikuwa kama cheti kinachotangazwa kila mwenye nalo alipoitwa. Wengine walichukua majina ya Maandiko, kama Rahabu na Tabitha na Yerusha. Wengine walipata majina yaliyokuwa yakipendwa wakati ule huko walikotoka mabibi wa misheni wenyewe: Mildred, Doris, Mabel, na huyu Gladys wetu. Nalo liliposhika mizizi hapa halikufuata saa ya Ulaya. Kwao lilikuwa limekwisha kuzeeka, na hapa lingali likipewa watoto. Gladys Cherono, aliyeshinda mbio za marathoni za Berlin katika miaka ya 2015, 2017 na 2018, alizaliwa mwaka 1983. Gladys Wanga, aliyechaguliwa mwaka 2022 kuwa gavana wa Homa Bay, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho katika kaunti ile, si ajuza hata kidogo.

Hata hivyo hapana ubishi kwamba jina limechakaa. Karani akiona Gladys katika orodha ya wanaongoja zamu, humtazamia mwanamke mtu mzima, na mara nyingi hakosei. Jambo la kustaajabisha ni kwamba akiona Wanjiku au Atieno hawezi kukisia umri hata kidogo. Wanjiku aweza kuwa na miaka tisini au siku tisa. Sababu yake ni wazi ikitazamwa vizuri. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza humrithi nyanya mzaa baba, na wa pili nyanya mzaa mama, kisha hufuata shangazi na mama wadogo. Kwa hiyo katika kila boma kuna Wanjiku mzee na Wanjiku mchanga wakati mmoja, na jina haliachwi mikononi mwa rika moja likazeeka nalo. Atieno naye huitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa usiku, na usiku haujapitwa na wakati. Lakini Gladys lilishuka juu ya rika moja kama mvua ya masika, likawapata wengi kwa mara moja, nao wakakua pamoja, wakaolewa pamoja, na sasa mvi zimewatoka pamoja. Uzee unaosikika katika jina ni uzee wa wenye nalo.

Mama kijana asiyelitaka Gladys hulitaka jina gani? Labda Tiffany, labda Shantel, au jina la binti wa tamthilia ya televisheni. Hakuna kosa katika hayo, ila yafaa akumbuke kwamba nayo yameshuka juu ya rika moja. Miaka sitini ijayo kutakuwa na kina nyanya Shantel wanaotembea kwa mkongojo kwenda kliniki, na wajukuu zao watacheka jina hilo kichinichini. Tena mitindo ya majina hugeuka bila kuaga. Mwaka 2021 Florence na Ivy yalikuwa miongoni mwa majina kumi ya juu ya wasichana waliozaliwa Uingereza na Wales. Kuna nyumba ngapi za Nairobi ambamo Florence ni jina la nyanya, lisilotajwa mbele ya mtoto mchanga ila kwa mzaha?

Hoja ya kwamba jina ni la kizee, basi, haina uzito mkubwa. Lakini hoja ya pili, ambayo vijana hawaitaji mara nyingi, ina uzito kweli: je, jina hilo ni la nyanya kweli, au ni la aliyempa?

Maana kina Gladys si wa namna moja. Yuko aliyekwenda misheni kwa miguu, huku baba yake akimkataza, akasoma mpaka akafaulu, na jina lile akalishika kama mtu ashikavyo hati ya shamba lake. Kumwita mjukuu kwa jina hilo ni kuisifu safari ile. Yuko pia aliyesimama mbele ya mwalimu siku ya kuandikishwa shule, akaambiwa kwamba jina la nyumbani halitoshi, akapachikwa Gladys kutoka katika orodha, wala nyumbani hakuitwa hivyo hata siku moja. Huyu hulitumia katika kitambulisho na katika kitabu cha benki tu. Kumpa mtoto jina hilo kwa kudhani kwamba anaheshimiwa nyanya ni kumheshimu mwalimu yule.

Wako hata waliolirudisha jina la kupewa. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, katika utoto wake aliitwa Miriam; alipoingia Ukatoliki aliitwa Mary Josephine; na aliporejea kutoka masomoni Marekani mwaka 1966 aliyaweka kando yote hayo akalirudia jina lake la Wangari. Mjukuu wa kumrithi, nani angethubutu kumbatiza Mary Josephine kwa ajili ya heshima?

Kwa hiyo neno la kwanza si la mume wala la mkewe. Nyanya na aulizwe, naye aulizwe faraghani, si mbele ya wageni waliokuja kumwona mtoto, kwa sababu mbele ya watu atasema analolidhani linapendwa. Mwenye kuuliza awe ni mwanawe. Mkaza mwana akiuliza, swali hugeuka kuwa mashtaka hata likisemwa kwa upole. Huenda mama akacheka akasema kwamba Gladys hakulitaka kamwe, na kwamba Wanjiku mmoja amtosha. Huenda naye akakaa kimya kidogo, kisha akaanza kusimulia habari za darasa lile ambazo mwanawe hajazisikia maisha yake yote. Akisimulia hivyo, jibu limekwisha kupatikana.

Desturi yenyewe haimbani mtu. Ilikuwapo kabla ya ubatizo kuja, nayo hudai jina la ukoo peke yake. Baba wa Kikuyu atamwita bintiye maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa mtoto ni Wanjiku, si kwa kuwa ni Gladys. Wazee wenye busara hulijua hilo, na anayelazimisha majina yote mawili kwa jina la mila huongeza chumvi yake mwenyewe. Nyumba nyingine hupata njia ya katikati: mtoto huandikwa jina moja analolipenda mama yake, na Gladys hufuata nyuma yake, likingoja mwenyewe akue achague ataitwa lipi.

Wasio na hakika wasiharakishe. Sheria ya Kenya ya kuandikisha vizazi na vifo, Sura ya 149, humruhusu mzazi kuongeza au kubadili jina la mtoto katika miaka miwili tangu kizazi kuandikishwa, kwa kulipa ada iliyowekwa. Baada ya hapo kazi hupitia kwa wakili na hati ya kiapo, na gharama si ndogo. Na likichaguliwa jina hili, mzazi alitazame kwa macho yake mwenyewe kabla ya kutia sahihi, herufi kwa herufi. Gladys huandikwa Gladis, Gladies na hata Gladice, na msichana mwenye herufi moja katika cheti cha kuzaliwa na nyingine katika cheti cha mtihani hupoteza siku nyingi katika foleni za ofisi akijaribu kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja.