Wacheni Kuuziwa Mwili wa Siku 30

Wasee, tuambiane ukweli. Hii chalenji ya "mwili mpya kwa siku 30" ni biashara, si mazoezi. Jumatatu unapiga pushapu 100, Jumatano huwezi inua mkono uvae shati, Ijumaa umeacha. Halafu unajiita mvivu. We si mvivu! Umebebeshwa mzigo wa mwaka mzima kwa wiki moja.

Mwili haulazimishwi, unazoeshwa. Misuli hupata nguvu mapema, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana goti linalia na mapaja bado yanajiona sawa.

Mtaniambia Kipchoge hakufika pale kwa kujibembeleza. Sawa, angalieni basi. Alitwaa ubingwa wa dunia mita 5,000 kule Paris mwaka 2003. Marathoni yake ya kwanza? 2013. Miaka kumi! Kuvunja saa mbili kule Vienna kulikuja 2019. Na kule Kaptagat si kila siku ni kasi. Kuna mbio nyingi za polepole kabisa.

Kwa hivyo anza na pushapu 8, mara tatu, siku tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Zikikuwa rahisi, ongeza moja moja. Kiungo kikiuma, punguza. Hakuna mtu wa kutumia M-Pesa hapo, na ndiyo maana hakuna anayekuambia.

Haba na haba hujaza kibaba. Pupa hujaza wodi ya mifupa.