Spishi Mpya kwa Haja ya Nani? Madai Sita na Majibu Yake

Bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Florida, Marekani, mwezi Aprili 1998, ina kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Majengo yake yameiga miji ya pwani yetu, mabango yake yana maneno ya Kiswahili, na magari ya wageni yanayoondoka hapo hupita kati ya twiga, tembo, vifaru na simba. Kila bustani ya aina hii inapopanga upanuzi, huulizwa iongeze wanyama gani wengine, na mashabiki huwa na orodha ndefu.

Sisi tunaoishi wanakotoka wanyama hao tuna haki ya kuzipima hoja zinazotolewa. Msimamo wangu ni huu: spishi mpya iingie bustanini pale tu mnyama mwenyewe anapohitaji kimbilio na njia ya kumrudisha kwao imeandaliwa. Hamu ya mtazamaji peke yake haitoshi.

Dai la kwanza: "Kila spishi inayoongezwa ni spishi inayookolewa."

Dai hili lina ukweli ndani yake, na ushahidi uko Tanzania. Chura wa Kihansi aliishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi katika Milima ya Udzungwa. Maji yalipochepushwa kwa ajili ya bwawa la umeme, manyunyu yalipungua mno. Mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa wakapelekwa Bronx Zoo, New York. Mwaka 2009 spishi hiyo ikatangazwa kuwa imetoweka porini. Mwaka uliofuata vyura mia moja walirudishwa Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarejesha katika korongo la Kihansi, ambako ilibidi kufunga mabomba ya kunyunyiza maji ili wapate pa kuishi.

Lakini tazama mnyama aliyeokolewa. Ni chura asiyezidi sentimita tatu, anayelelewa kwenye tangi la kioo na wataalamu ambao kwa miaka kumi walihangaikia joto, maji na chakula chake. Hakuna familia itakayolipa kiingilio cha siku nzima kwa ajili yake. Bustani za burudani hutafuta mnyama mkubwa anayependeza kwenye picha, ambaye mara nyingi tayari yumo katika bustani nyingine nyingi. Simba akiongezwa Florida, Hifadhi ya Ruaha, Tanzania, haipati simba hata mmoja.

Animal Kingdom yenyewe imewahi kuonyesha njia bora. Mwaka 2006 kifaru mweupe jike aitwaye Nandi alitolewa huko akapelekwa hifadhi ya vifaru ya Ziwa, Uganda, nchi ambayo ujangili ulikuwa umemaliza vifaru wake wote. Mwaka 2009 alizaa dume aliyepewa jina la Obama, kwa kuwa baba yake alitoka Kenya na mama yake Marekani. Huo ndio uokozi unaohesabika, kwa sababu kizazi kipya kimezaliwa katika ardhi iliyokuwa imebaki bila kifaru. Anayedai kwamba bustani yake inaokoa spishi na aonyeshe wanyama waliorudi, au mpango ulioandikwa wa kuwarudisha.

Dai la pili: "Wanyama wakiwa wengi, watoto hujifunza mengi."

Mtoto hujifunza anapopata muda wa kutazama na mtu wa kumweleza. Safari ya gari pale Animal Kingdom huchukua kama dakika ishirini, na ndani yake mgeni hupitishwa mbele ya spishi zaidi ya thelathini. Kila moja hupata chini ya dakika moja. Ukiongeza tano, unazipunguzia zote muda, na mtoto anaondoka na majina mengi na maarifa machache.

Historia ya safari hiyo inafundisha zaidi. Ilipoanza ilibeba hadithi ya tembo mama na mtoto wake wanaowindwa na majangili wa pembe, na wageni walishiriki msako wa kuwaokoa. Mwaka 2012 sehemu hiyo ya mwisho iliondolewa, na mahali pake wakawekwa punda milia. Spishi iliongezeka, na somo la ujangili likapungua. Hayo yalitokea katika miaka ambayo tembo wa Selous, Tanzania, walikuwa wakiuawa kwa wingi wa kutisha, wakati ambapo watazamaji wa Marekani walihitaji somo hilo kuliko wakati mwingine wowote.

Dai la tatu: "Bustanini hakuna ukame wala majangili, kwa hiyo mnyama huishi maisha marefu."

Kwa baadhi ya wanyama hilo ni kweli. Kwa tembo, takwimu zinasema vingine. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2008 ulilinganisha tembo wa Kiafrika waliozaliwa katika bustani za wanyama za Ulaya na tembo wa Amboseli, Kenya. Umri wa kati wa wale wa bustanini ulikuwa miaka 16.9. Wale wa Amboseli, vifo vilivyosababishwa na binadamu vikiwekwa kando, walifikia miaka 56.

Kuhamisha wanyama na kuanzisha makazi mapya nako kuna hatari zake. Kabla Animal Kingdom haijafunguliwa, watoto wanne wa duma walikufa kwa sumu ya kemikali, na korongo taji wawili waligongwa na magari ya wageni. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilichunguza na haikukuta sheria iliyovunjwa. Jambo hilo lapaswa kututia hofu zaidi: hata pale penye fedha nyingi na madaktari hodari, na sheria zikifuatwa zote, wanyama hulipa kwa uhai wao gharama ya kuanza upya.

Kisha kuna nyangumi wauaji, wanaojulikana kama orka. Tilikum alikamatwa karibu na Iceland mwaka 1983 akiwa bado mdogo, na akaishi kwenye mabwawa hadi alipokufa Januari 2017. Mwaka 2010 alimuua mkufunzi wake katika bustani ya SeaWorld, Orlando, Florida. Wakati orka walipoanza kuletwa, nao walikuwa spishi mpya ya kuvutia watu.

Dai la nne: "Pasipo mnyama mpya wageni hupungua, na fedha za uhifadhi hupungua pia."

Mwaka 2017 Animal Kingdom ilifungua eneo la Pandora, lililojengwa kutokana na filamu ya Avatar. Viumbe wanaotangazwa pale ni wa kubuni, na kinachowavuta watu ni mitambo na mandhari. Kwa makadirio ya sekta hiyo, wageni wa bustani walipanda kutoka takriban milioni 10.8 mwaka 2016 hadi milioni 12.5 mwaka 2017. SeaWorld nayo ilitangaza mwaka 2016 kwamba haitazalisha tena orka, na bustani yake mpya ya Abu Dhabi ilipofunguliwa mwaka 2023 haikuwa na orka hata mmoja.

Kwa hiyo biashara inaweza kukua bila kukamata wala kuhamisha mnyama. Usiache mbachao kwa msala upitao: fedha za upanuzi na ziende kwanza kuwapanulia nafasi wanyama waliopo, na kulipia walinzi na misitu huku wanakotoka wenzao.

Dai la tano: "Afrika ina wanyama wengi, na kuwatoa kunawaletea wenyeji faida."

Wenyeji wamekwisha kulijibu dai hili. Mwaka 2005 Serikali ya Kenya ilikubali kutoa wanyama 175 kwa Chiang Mai Night Safari, bustani ya Thailand. Wananchi na wanaharakati walipinga, na mahakama ikasimamisha mpango huo. Mwaka 2010 zaidi ya wanyama mia moja, wakiwemo twiga wanne, walitoroshwa kwa ndege kupitia Uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar, na Watanzania bado wanalikumbuka jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Mwaka 2019, katika mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini, huko Geneva, nchi wanachama ziliamua kuzuia, isipokuwa katika hali za pekee, tembo wa porini wa Zimbabwe na Botswana kupelekwa kwenye bustani zilizo nje ya maeneo yao ya asili. Twiga anayebaki katika Hifadhi ya Tarangire huleta wageni mwaka hadi mwaka, na wageni hao humpa kazi dereva, mpishi na muuza vinyago. Aliyepandishwa ndege huuzwa mara moja tu.

Dai la sita, la upande wa pili: "Basi bustani zisipokee spishi yoyote kamwe."

Hili nalo silikubali. Bongo wa milimani, swala wa misitu ya Aberdare, Mlima Kenya na Mau, wamebaki chini ya mia moja porini. Mwaka 2004 bongo 18 waliletwa Kenya kutoka bustani za Marekani, na Februari 2025 wakafuata 17 kutoka Florida. Mababu wa wanyama hao wasingalitunzwa ng'ambo, tusingekuwa na wa kurudisha. Mlango ungefungwa kabisa, chura wa Kihansi angekuwa historia.

Kwa hiyo masharti yawe wazi, na serikali za Afrika Mashariki ziyadai kwa maandishi kabla ya kutia saini mkataba wowote. Mnyama awe katika hatari inayolazimu ahamishwe. Bustani ithibitishe kwamba spishi hiyo huishi vizuri na kuzaa kifungoni. Itenge fedha za kulinda makazi yake ya asili kwa miaka yote itakayokaa naye. Na uzao wake ubaki mali ya nchi alikotoka, ukiwa na tarehe ya kupitia upya mpango wa kuurudisha. Bustani itakayotimiza hayo tuikaribishe kama mshirika. Isiyoweza, ijenge mitambo.